Madoa ya ngozi ya mbwa wa zamu: tulijue doa kabla ya kupaka dawa



Katika kiwanda, katika ghala na katika shamba la chai, mbwa ni mfanyakazi ambaye jina lake haliko katika orodha ya mishahara. Usiku zamu ana tochi, ana rungu, na ana mbwa. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, wote wawili hujibanza chini ya paa moja, na mara nyingi juu ya gunia moja. Kwa hiyo linaloingia katika ngozi ya mbwa halikai kwa mbwa peke yake. Leo mbwa anajikuna, na siku chache baadaye zamu naye anajikuna mikono na kiuno.

Mbwa akionekana na madoa, kila mtu huwa daktari. Mmoja analeta oili chafu kutoka gereji. Wa pili anammwagia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wa tatu anamchoma sindano iliyobaki kwa mfugaji jirani. Wote watatu wana nia njema, lakini hakuna aliyeuliza swali la kwanza: hili ni doa la ugonjwa gani? Doa ni alama tu. Magonjwa saba au nane yanaweza kuacha alama zinazofanana, na dawa ya moja huzidisha lingine. Makala hii inaeleza namna ya kuyatofautisha, tiba inayofaa, na nani anayepaswa kuilipia.

KWANZA, USALAMA WAKO

Mbwa mwenye ngozi inayouma anaweza kumwuma hata rafiki yake. Ashikwe na mtu anayemzoea, na afungwe mdomo kwa ukanda wa kitambaa wakati wa kumkagua. Kagua mchana, penye mwanga. Vaa glavu, kama huna, vaa mifuko safi ya plastiki mikononi. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayechuruzika mate, anayeshindwa kumeza, au anayeuma ovyo, usimguse kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie mahali kama waweza bila kumkaribia, kisha mwite daktari wa mifugo wa umurenge, yule tunayemwita veterineri. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885, chanjo imeokoa watu wengi, lakini huokoa kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

MAJARIBIO MATATU YASIYO NA GHARAMA

Kabla ya kutaja jina la ugonjwa, fanya majaribio haya. Hayahitaji mashine.

1. Jaribio la sikio. Shika ncha ya sikio la mbwa, ikunje, uisugue kwa vidole viwili kwa nusu dakika hivi. Mbwa akianza kurusha mguu wa nyuma kama anayejikuna hewani, uwezekano wa upele ni mkubwa.

2. Jaribio la karatasi. Lowesha karatasi nyeupe au pamba. Mchane mbwa kwa kitana chenye meno membamba, hasa mgongoni karibu na mkia, uchafu uangukie hapo. Vikidondoka vipunje vyeusi, subiri kidogo. Vikitoa rangi nyekundu katika maji, hicho ni kinyesi cha viroboto, nacho ni damu ya mbwa iliyokwisha kunywewa. Vikibaki vyeusi, ni vumbi tu.

3. Jaribio la glasi. Bonyeza glasi safi juu ya doa jekundu, utazame kupitia kioo chake. Doa likififia, ni wekundu wa kuvimba au wa kujikuna. Doa likibaki jekundu vile vile, damu imevuja chini ya ngozi. Hapo si suala la ngozi tena. Mbwa huyo apelekwe kwa veterineri siku hiyo hiyo. Nitaeleza sababu hapa chini.

MADOA TUNAYOYAONA SANA

Upele. Huletwa na utitiri mdogo sana usioonekana kwa macho. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Dalili huanza pembeni mwa masikio, kwenye viwiko, kwenye vifundo vya miguu ya nyuma na tumboni. Manyoya hunyonyoka, ngozi hufanya magaga na kuwa nene, na mbwa hujikuna usiku na mchana hata halali. Kutoka yai hadi mdudu mzima ni kama wiki tatu. Ndiyo maana dawa ya siku moja mara nyingi haitoshi: inaua waliopo leo, na mayai yaliyobaki yanaanza upya. Upele huambukiza mbwa wote wanaolala pamoja, hata asiyejikuna bado.

Kwa mtu, utitiri wa mbwa huleta vipele vinavyowasha pale mbwa alipogusa: mikononi, tumboni, mapajani. Lakini mdudu huyo hawezi kuzaana katika ngozi ya binadamu. Mbwa akitibiwa, muwasho wa mtu huisha wenyewe katika wiki chache. Ukiona muwasho upo katikati ya vidole, unazidi usiku, na nyumba nzima inajikuna, huo ni upele wa watu wenyewe. Nendeni kituo cha afya, mtibiwe wote kwa pamoja.

Viroboto. Madoa mekundu na upotevu wa manyoya huanza chini ya mgongo, juu ya mkia na nyuma ya mapaja. Mbwa wengine wana mzio wa mate ya kiroboto, hivyo viroboto wachache tu huwatesa sana. Hapa wengi hupoteza fedha kwa kumwogesha mbwa peke yake. Sehemu kubwa ya viroboto haiko juu ya mbwa. Mayai na mabuu yako katika gunia, katika nyufa za sakafu na katika vumbi la kibanda, na mdudu aliye ndani ya kifuko chake anaweza kungoja miezi kadhaa. Ukitibu mbwa ukaacha gunia, umefanya nusu ya kazi.

Choa, ambacho wengine huita mashilingi. Hili ni kuvu. Linaacha mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye unga na manyoya yaliyokatika, mara nyingi usoni, masikioni na miguuni. Pengine haliwashi sana. Choa huambukiza watu, na hasa watoto, kichwani na mikononi. Mbegu zake hukaa katika manyoya yaliyodondoka, blanketi na brashi kwa miezi mingi. Tiba yake ni ya wiki kadhaa, siyo ya siku, na blanketi kuukuu ni heri lichomwe.

Lakini tusikimbilie kusema choa kila tunapoona mviringo. Kwa mbwa mzima, miviringo mingi huletwa na bakteria. Huanza kama vipele vidogo vya usaha tumboni na mapajani. Vikipasuka, huacha duara lenye ngozi inayobanduka pembeni. Mara nyingi bakteria hao wameingia kwa sababu mbwa amejikuna kwa viroboto au upele. Kuogesha kwa sabuni ya dawa yenye klorheksidini, povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza, husaidia sana. Vidonge vya antibayotiki ni vya kupewa na veterineri. Na chanzo kisipotibiwa, usaha utarudi.

Mabaka ya mbwa mdogo. Mbwa asiyefikisha mwaka mmoja na nusu anaweza kutoka mabaka madogo yasiyo na manyoya, kuzunguka macho, midomoni na kwenye miguu ya mbele, bila kujikuna sana. Huu ni utitiri wa aina nyingine, unaoishi katika mashina ya manyoya. Mtoto huupata kwa mama siku za kwanza za kunyonya. Hauambukizi watu. Mabaka machache mara nyingi hupona yenyewe mbwa akila vizuri na kutolewa minyoo. Yakienea mwili mzima, au yakimtokea mbwa mzee kwa ghafla, ni lazima daktari amwone, maana kinga ya mwili imedhoofika kwa sababu nyingine.

Jipu lenye tundu. Kuna nzi wa rangi ya manjano iliyofifia anayetaga mayai katika mchanga wenye kivuli, hasa unaonuka mkojo, na katika nguo mbichi zilizoanikwa. Buu hutoboa ngozi na kukua humo kwa siku nane hadi kumi na mbili. Kwa mbwa huonekana tumboni, makendeni, miguuni: uvimbe mwekundu wenye tundu katikati, na ukitazama vizuri utaona kitu kikicheza. Paka vaselini nene kuziba tundu, ngoja nusu saa, buu akitokeza kupumua mkamue polepole kutoka pande mbili. Usimkate ndani. Nzi huyo huyo ndiye sababu ya wazazi wetu kutufundisha kupiga pasi nguo pande zote mbili, hata nguo za ndani. Makoti ya zamu yanayoanikwa juu ya ua wa kiwanda nayo yapigwe pasi.

Funza, yaani amavunja. Mdudu huyu si wa hapa kwa asili. Alifika Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akavuka bara pamoja na misafara, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa mbwa hujificha kati ya vidole na kwenye nyayo: doa jeupe la duara lenye nukta nyeusi katikati. Mbwa huchechemea na kujiramba miguu. Mbwa mwenye funza anatembea akisambaza mayai katika kibanda chenu chote. Kumtibu yeye na kusakafia au kumwagia maji na kufagia kibanda ni kinga ya miguu yenu.

Nukta za damu. Hizi ndizo zile ambazo glasi haizifuti. Huonekana tumboni, ndani ya masikio na kwenye ufizi, kama ncha za kalamu nyekundu, au mabaka ya zambarau. Sababu moja ni ugonjwa wa kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba kijidudu kiitwacho erlikia, kilichotambuliwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika vita vya Vietnam, ugonjwa huu uliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani, nao walikuwa mbwa wa ulinzi kama wetu. Mbwa hupoa, hakosi homa, hakonda kwa siku moja bali taratibu, pengine hutoka damu puani. Akipata mapema dawa ya doksisiklini kwa maagizo ya veterineri, kwa kawaida kwa wiki nne, wengi hupona. Sababu ya pili ni sumu ya panya, ambayo huwekwa katika maghala mengi. Mbwa aliyekula sumu hiyo au panya aliyekufa kwayo huvuja damu ndani. Tiba yake ni vitamini K, na saa ni chache. Mwambie daktari wazi kama ghala lenu linatumia sumu.

Doa lisilo ugonjwa. Mbwa wengi wana madoa meusi bapa tumboni tangu utoto. Hayawashi, hayanyonyoi manyoya, hayakui. Hayo ni rangi yake, yaache. Doa jeusi lililoinuka, linalokua au kutoka damu, lionyeshwe kwa daktari.

DAWA ZINAZOUA

Oili chafu. Watu huamini inaua upele kwa kuziba pumzi za wadudu. Lakini mbwa hujiramba. Oili ya injini iliyotumika ina madini na masizi, nayo huishia tumboni, kwenye ini na figo, huku ngozi ikiungua. Mafuta ya taa, petroli na maji ya betri ni vivyo hivyo, na mabaya zaidi.

Dawa ya josho. Amitrazi hutumika kwa mbwa katika vipimo vyake maalumu, lakini ile ya ng'ombe ikimwagwa kwa makisio humlegeza mbwa, moyo hupungua mwendo, na anaweza kufa. Mtu mwenye kisukari asiishike dawa hiyo kabisa, maana hupandisha sukari ya damu.

Sindano ya ng'ombe. Ivamektini ni dawa kubwa. Waliogundua asili yake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini fanyeni hesabu. Chupa nyingi za ng'ombe zina miligramu 10 katika kila mililita 1, na kipimo ni mililita 1 kwa kilo 50. Mbwa wa zamu ana kilo 20 au 25. Anayemchoma mililita 2 "kwa macho" amempa kipimo cha ng'ombe wa kilo 100. Mbwa huyumba, mboni za macho hupanuka, huacha kuona, hulala asiamke. Zaidi ya hayo, mwaka 2001 wataalamu waligundua kasoro ya kurithi inayofanya mbwa wa jamii za kuchunga kondoo, kama collie, na hata baadhi ya German Shepherd, washindwe kuvumilia vipimo vikubwa vya dawa hii. Huwezi kuijua kwa kumtazama mbwa. Leo zipo dawa salama zaidi za kudondosha mgongoni na vidonge vya kutafuna vinavyoua kupe, viroboto na upele pamoja. Zina bei, lakini mbwa mfu na zamu mgonjwa vina bei kubwa zaidi.

Krimu za watu zenye steroidi. Hupoza muwasho siku mbili, halafu choa na utitiri huenea kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa.

Kupe, mwondoe kwa kibano: mshike karibu na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Usimchome kwa sigara wala kummwagia mafuta ya taa.

TIBA ILIYO KAMILI

Dawa yoyote mtakayopewa, shikeni mambo manne. Kwanza, mbwa wote wa eneo watibiwe siku moja. Pili, dawa imalizwe hadi siku ya mwisho, hata manyoya yakianza kuota mapema. Tatu, magunia na blanketi yachomwe au yachemshwe, kibanda kifagiliwe hadi kwenye nyufa. Nne, mtu anayewashwa aende kituo cha afya na aseme anafanya kazi na mbwa. Asiposema, muuguzi hawezi kujua.

Wekeni pia ukurasa katika kitabu cha zamu. Andikeni tarehe doa lilipoonekana, liko wapi, linawasha au la, majibu ya majaribio matatu, dawa iliyotolewa na nani aliyeitoa. Veterineri akifika, ukurasa huo utamsaidia kuliko maneno mengi. Na ukija ubishi na meneja, ukurasa huo ndio shahidi.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo jambo la mbwa linapokuwa jambo la wafanyakazi. Mahali pengi zamu huambiwa, "Mbwa ni wako, mhudumie." Lakini mbwa aliletwa kulinda mali ya mwajiri. Analala penye lango la mwajiri. Akifa, mwajiri huleta mwingine. Basi na dawa yake, chanjo yake ya kila mwaka ya kichaa cha mbwa, na chakula chake ni gharama ya ulinzi, sawa na betri za tochi. Zamu anayenunua dawa kwa mshahara wake atanunua ya bei ndogo, naye atarudi kwenye oili chafu. Usimlaumu, mlaumu aliyemwachia mzigo usio wake.

Sheria namba 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 inayosimamia kazi nchini Rwanda, iliyorekebishwa mwaka 2023, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi mahali pa kazi. Haihitaji kutaja upele au choa kwa jina. Ugonjwa unaompata mtu kwa sababu ya mbwa wa lindo ni hatari ya kazi, na pa kuupeleka ni kwenye kamati ya afya na usalama. Wajumbe wa wafanyakazi, pelekeni mambo matano kwa maandishi:

1. Kila mbwa wa lindo aandikwe kuwa wa mwajiri.
2. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na cheti kihifadhiwe ofisini.
3. Veterineri awakague mbwa kabla ya kila msimu wa mvua.
4. Glavu, sabuni na malazi makavu, ya zamu mbali na ya mbwa mbali.
5. Zamu aliyeambukizwa atibiwe bila kukatwa mshahara.

Wenye kampuni za ulinzi za kukodiwa watasema waulizwe wenye kiwanda, na wenye kiwanda watasema iulizwe kampuni. Msikubali kurushwa kama mpira. Andikeni barua moja, nakala kwa wote wawili, na mkaguzi wa kazi wa wilaya apate yake.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya kwanza ni macho. Jumapili moja kila mwezi, mchana, mgeuzeni mbwa tumbo juu, mtazame masikio, kwapa, tumbo na nyayo. Ni kazi ya dakika 10. Doa dogo likionekana leo, mtaliwahi kabla halijawa gharama ya mwezi mzima, na kabla halijahamia katika mikono ya zamu.